Kwa Nini Waya Ni Mbili?

Sifa yangu shuleni ilikuwa nots. Waliosoma sekondari Tanzania hawahitaji maelezo, lakini kwa faida ya wengine: mwalimu anajaza ubao kwa Kiingereza, wanafunzi wananakili, mwalimu anafuta, anajaza tena, kengele inalia. Nots zangu za fizikia zilikuwa na vichwa vya habari vya chaki ya rangi, michoro iliyopigwa kwa rula na fomula ndani ya kisanduku. Daftari la mwanafunzi wangu ungeweza kumkabidhi mthibiti ubora wa shule alipekue ukurasa kwa ukurasa. Siku nilipokuwa na karatasi nyingi za kusahihisha nilimpa kiranja kitabu changu aandike ubaoni, nami nikakaa nyuma na kalamu nyekundu. Darasa lilitulia tuli. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 na shule za kata zikafurika, kidato cha pili hakikupungua watoto sabini, na mwenye watoto sabini ndani ya chumba kimoja hutafuta utulivu kabla ya kitu kingine chochote.

Shule yetu iko milimani, wilaya ya Lushoto. Ukungu wa Juni na Julai huingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo, na mtandao wa simu hushika vizuri sehemu moja tu, juu ya kilima penye mikaratusi. Nilisoma hivyohivyo, kwa nots, nikafaulu. Chuoni nilifundishwa mbinu shirikishi za ufundishaji, nazo nilifundishwa kwa nots. Mwisho wa kila kipindi niliuliza kama kuna swali, na watoto sabini walinijibu kwa sauti moja kwamba hakuna. Nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai.

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini, shule zilifungwa. Mwanzoni tuliambiwa siku thelathini. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni; sisi wengine tulisubiri mpaka tarehe 29. Katikati hapo vipindi vya masomo vilikuwa vikirushwa redioni na kwenye runinga, na karibu kila mwalimu mwenye simu janja alijikuta ameunda grupu la WhatsApp au ameingizwa ndani ya moja. La kwangu nililiunda kwa namba za wazazi. Namba nyingi hazikupatikana, nyingine zilikuwa za simu za tochi zisizojua WhatsApp ni kitu gani. Waliobaki niliwatumia kile nilichokuwa nacho: nilipiga picha nots zangu, ukurasa baada ya ukurasa, nikazirusha. Wazazi walijibu kwa vidole gumba na "Ubarikiwe mwalimu". Bando likaisha.

Kisha usiku mmoja baba wa mwanafunzi, fundi uashi ambaye simu yake ndiyo simu pekee ya nyumba ile na hurudi nayo jioni akitoka kazini, alituma ujumbe wa sauti. Alianza mwenyewe: "Mwalimu, habari za usiku. Samahani kwa usumbufu. Huyu mtoto ana swali lake hapa, mimi limenishinda." Nikasikia simu ikihama mkono, mbwa akibweka nje, halafu sauti ya binti ambaye darasani sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya kuitikia jina lake.

"Shikamoo madam. Madam, kwenye nots umesema umeme unatoka kwenye betri unaenda kwenye taa. Sasa kama taa inautumia, kwa nini waya ni mbili? Ule wa pili unarudisha nini?"

Nots zangu zilikuwa na sheria ya Ohm, mchoro wa sakiti wenye alama zote, na mifano ya hesabu iliyokokotolewa hadi desimali ya pili. Swali la waya wa pili hazikuligusa popote. Na swali lenyewe lilikuwa limebeba imani nzima: kwamba taa inakula umeme, kwamba unaoingia ni mwingi na unaotoka ni mchache au haupo kabisa. Watafiti wa ufundishaji wa fizikia wanaifahamu imani hii kwa miaka mingi. Wameikuta kwa wanafunzi wa nchi mbalimbali, vyuoni pia. Kwetu ina sababu yake ya ziada. Mtoto anayekulia kwenye nyumba yenye LUKU anaona mita ikihesabu kurudi nyuma, yuniti zinapungua, nyumba inaingia giza, na mama anamtuma dukani kununua umeme mwingine. Umwambieje mtoto huyo kwamba umeme uliopita kwenye taa umerudi wote kwenye betri, na kwamba kilichobaki kwenye taa ni nishati tu?

Nilijaribu kumweleza kwa maandishi, maelezo yakawa nots nyingine. Nikarekodi sauti, kwa Kiswahili, nikamwambia mkondo hauliwi. Baada ya muda akarudisha: "Sawa madam, lakini tutajuaje?" Hapo akaingia mwenzake, kwa simu ya bibi yake, akasema taa ya karibu na betri lazima iwake zaidi kwa sababu inapata umeme wa kwanza. Wa tatu akapinga. Mpaka saa nne usiku watoto waliokuwa mabubu darasani walikuwa wanabishana juu ya sakiti, kwa Kiswahili, ndani ya simu za baba, mama na bibi zao, huku mwenye simu mmojawapo akilalamika kwa nyuma kwamba chaji inaisha.

Sikuwa nimewahi kusikia darasa langu likifikiri. Kuhesabu nilikuwa nimelisikia, na kukariri pia.

Mwalimu mwenzangu wa mkoa mwingine, tuliyekutana kwenye grupu la walimu wa fizikia, ndiye aliyenitumia kiungo cha PhET. Nilipanda kwenye mikaratusi nikakifungua. PhET ilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, Marekani, na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Ni mkusanyiko wa simulesheni: majaribio ya sayansi na hesabu unayoyafanya kwenye kioo kwa kuburuta vitu kwa kidole. Hailipiwi. Baadhi yake zimefasiriwa kwa Kiswahili. Na kwa mtu wa milimani kuna jambo kubwa zaidi: simulesheni moja unaipakua ikiwa faili dogo, na baada ya hapo inafunguka kwenye kivinjari bila bando wala mtandao. Unaweza kumrushia mwenzako kwa Bluetooth mkiwa mmekaa stafu.

Ile ya sakiti inakupa betri, waya, balbu, swichi na ammita. Ukiunganisha, unaona vidoa vya buluu vikitembea ndani ya waya, navyo ni elektroni. Vinaingia kwenye balbu, vinapita, vinatoka upande wa pili kwa mwendo uleule na idadi ileile, vinarudi kwenye betri. Nilirekodi kioo cha simu yangu, nikautuma ule mkanda mfupi kwenye grupu bila maelezo yoyote. Nikauliza tu: hesabuni vidoa kabla ya balbu na baada ya balbu, mnaona nini?

Yule binti ndiye aliyejibu kwanza. "Vinarudi vyote madam. Ndiyo maana waya ni mbili."

Shule zilipofunguliwa nilidhani mambo haya yangekwisha, kwa kuwa simu kwa wanafunzi ni marufuku shuleni, na marufuku hiyo naiunga mkono. Lakini kuna kitu kimoja nilichokichukua kutoka kwenye simu nikakiweka kwenye karatasi. Nilipata boksi la kartoni, nikalitoboa juu, nikaliweka kwenye kona ya maabara, yaani chumba tunachokiita maabara. Mtoto anaandika swali kwa lugha anayotaka, bila jina, anatumbukiza. Ule ujumbe wa sauti ulikuwa umenifundisha kwamba maswali yapo. Yalikosa njia tu. Asubuhi za kwanza nilikuta vikaratasi vya utani, na kimoja kiliuliza kama nimeolewa. Baadaye yakaja maswali yenyewe. Kwa nini ndege wanakaa kwenye waya wa Tanesco na hawafi? Kama kila kitu kinavutwa chini, moshi unapandaje? Kwa nini betri ya tochi ikianikwa juani inapata nguvu kidogo?

Vifaa vilichelewa kufika. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilihamishiwa kwa walimu. Cha kwangu kilifika kikiwa na mikwaruzo ya makarani, na nilikipenda hivyohivyo. Kabla ya hapo ofisi moja ilikuwa imetuita kwenye semina ya TEHAMA. Tulikaa ukumbini kutwa nzima tukifundishwa kwa slaidi jinsi ya kufungua barua pepe, na intaneti haikuwepo. Tulinakili hatua zote kwenye madaftari. Zilikuwa nots nzuri.

Nikiwa na kishikwambi changu na viwili vya kuazima kwa wenzangu, nilipanga upya mada ya mkondo wa umeme kwa kidato cha pili. Kipindi hicho nakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichonibadilisha moja kwa moja.

Nilichora ubaoni betri na balbu mbili kwenye mstari mmoja, A na B. A iko karibu na ncha chanya. Nikauliza ipi itawaka zaidi. Anayesema A anyoshe kidole kimoja kifuani, anayesema B viwili, anayesema sawasawa vitatu. Kifuani, ili jirani asichungulie. Nikahesabu kwa macho: msitu wa kidole kimoja, viwili hapa na pale, vitatu wachache. Nikawaambia kila mmoja amgeukie jirani yake mwenye jibu tofauti amshawishi, kwa Kiswahili, hata kwa Kisambaa akitaka. Kelele zilizotoka pale zilimleta mwalimu wa zamu mlangoni. Alichungulia, akaniona nimesimama katikati nikisikiliza, akaondoka akitikisa kichwa.

Hoja za watoto nazikumbuka. "Umeme unafika A kwanza, unachukua chake, B anapata mabaki." Mwingine: "Hapana, A anaupitisha tu, unaenda kuishia B." Mwingine aliuliza swali gumu kuliko yote: umeme utajuaje mbele kuna balbu nyingine ili uache kidogo?

Tukaenda kwenye simulesheni kwa makundi, kishikwambi kimoja kwa kundi, makundi mengine yakisubiri kwa hesabu za daftarini. Balbu zikawaka sawasawa, vidoa vikapita kwa mwendo mmoja. Kundi moja liliruka maelekezo, likaunganisha waya moja kwa moja kutoka chanya hadi hasi bila balbu, betri ikawaka moto kwenye kioo. Darasa zima likataka kuona moto. Niliwaachia. Shoti ni somo pia, na ni afadhali waione kwenye kioo kabla ya kuiona jikoni kwao.

Kisha nikatoa balbu halisi. Nilikuwa nimetafuta balbu za tochi za zamani, zile za uzi ndani, kwa sababu taa za LED za tochi za siku hizi hazifai kwa jaribio hili. Muuza duka alizichota kwenye kopo la mchanganyiko. Tukafunga betri tatu za tochi kwa utepe wa gundi, tukaunganisha balbu mbili mfululizo. A ikawaka kwa nguvu. B ikawa nyekundu ya kufifia.

Kidole kimoja wote wakasimama. "Tulisema!" Mmoja akaniambia, kwa heshima zote, kwamba huenda ile ya kwenye kioo ni katuni tu. Mimi mwenyewe nilikaa kimya, na si kwa mbinu yoyote ya ufundishaji. Nilikuwa natafuta la kusema.

Binti wa dawati la mbele akanyosha mkono. "Madam, tuzibadilishe nafasi."

Tukazibadilisha. Balbu iliyokuwa A ikawa B, na ikaendelea kuwaka kwa nguvu. Iliyokuwa B ikaja karibu na chanya, na ikaendelea kufifia. Kidole kimoja wakakaa. Yule binti akachomoa balbu zote mbili, akazisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi madogo yaliyogongwa kwenye shingo ya bati: moja 2.5 V, nyingine 3.8 V. Hazikuwa pacha. Mkondo uliopita kwenye zote ni mmoja, lakini ile ya 3.8 ina ukinzani mkubwa zaidi, hivyo inapokea nishati zaidi na kuwaka zaidi, iwe ya kwanza au ya pili kwenye foleni. Tukatafuta mbili zenye namba moja, tukaziunganisha, zikawaka sawa.

Kama ningekuwa na kishikwambi peke yake wangeniamini kwa muda wa mtihani. Kama ningekuwa na balbu peke yake wangeondoka na imani yao ikiwa imethibitishwa na mwalimu. Vilikuwa vimegongana mbele yao, na kugongana huko ndiko kulikowafanya wachunguze shingo ya balbu.

Dakika za mwisho niliandika ubaoni mistari michache ya Kiingereza, kwa kuwa mtihani wa taifa wa NECTA hauulizi kwa Kiswahili, na wao ndio walionitajia cha kuandika. Nots bado ninatoa. Zimekuwa fupi, na zinakuja mwisho.

Baadaye nilisoma habari za Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwapa wanafunzi wake, waliokuwa wakifaulu hesabu ngumu, maswali mepesi ya dhana kuhusu nguvu na mwendo. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibuje: kama profesa alivyofundisha, au kama yeye mwenyewe anavyofikiri kila siku? Mazur akaanza kufundisha kwa kuuliza, kuwapigisha kura na kuwaacha wabishane na jirani. Nilicheka peke yangu niliposoma. Harvard na shule ya kata ya Lushoto hazina mengi ya kushirikiana, ila watoto wetu wana vichwa viwili vilevile: kimoja cha mtihani, kimoja cha nyumbani.

Ndiyo maana siku hizi chombo chochote cha mtandaoni nakipima kwa jambo moja: je, kinanisaidia kusikia kile kichwa cha nyumbani? Vingi vinaanguka hapo. Video nyingi za masomo ni nots zenye sauti. Sizidharau: Salman Khan, mmoja wa watengenezaji wa video hizo, alianza mwaka 2004 kwa kumsaidia binamu yake hesabu kutoka mbali, na video alizoanza kuziweka YouTube mwaka 2006 zimewafaa watu wasio na idadi. Ila Kiingereza chake kinawapita wanafunzi wangu kwa kasi ya basi la Tanga, kwa hiyo nikiitumia video nazima sauti, naisimamisha kila baada ya hatua, nauliza nini kinafuata. Programu ya Kolibri, inayohifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyagawa kwa wifi ya ndani bila intaneti, inafaa sana kwa shule yenye chumba cha kompyuta. Sisi hatuna bado.

Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Nyalandu, na Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ninazielekeza kwa wazazi wenye simu janja, kwa sababu zinafuata mtaala wetu na mtoto hapotei. Mwalimu wetu wa hesabu, mzee anayekaribia kustaafu, alinikuta nikihangaika na grafu akanionyesha GeoGebra, iliyobuniwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg mwaka 2001. Mzee huyo haitumii WhatsApp hata kidogo. Anasema ina kelele.

Akili mnemba nayo nimeijaribu. Kwa maswali ya kuchagua naiomba inipe majibu ya makosa, kwa kuwa swali zuri la kuchagua linategemea makosa yenye mvuto. Makosa inayotoa ni ya kivivu. Wanafunzi wangu wanakosea kwa ustadi zaidi, na vikaratasi vya kwenye boksi ndivyo ninavyovitumia.

Grupu la wazazi bado lipo, na lina masharti niliyoyaweka baada ya kuona mengi. Linafungwa saa tatu usiku. Hakuna siasa, hakuna biashara, hakuna kurusha "mtihani uliovuja", maana kila msimu wa mitihani matapeli huuza karatasi za kubuni na wazazi wenye uchungu na watoto wao hulipa. Mimi sichati na mwanafunzi pembeni, hata kwa swali la Newton. Kila kitu kinapita grupuni, mzazi akiwepo. Mwalimu kijana anayedhani hili ni jambo dogo hajakaa ualimuni vya kutosha.

Gharama naibeba mwenyewe. Bando la walimu halimo kwenye ruzuku ya shule, na siku mtandao unapokataa hata kwenye mikaratusi narudi kwenye chaki. Na wapo watoto ambao nyumbani kwao hakuna simu janja kabisa. Usiku wa grupu wao hawapo. Boksi la kartoni limewafikia kwa kiasi; wengine nawakalisha na wenzao waliopata, asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, wasimuliwe. Najua haitoshi.

Wenzangu stafu waliniuliza swali la haki: "Madam, hizo katuni zitajibu NECTA?" Ningependa kusema matokeo yaliruka. Hayakuruka, yalipanda kidogo mwaka mmoja, yakatulia mwaka uliofuata. Kilichoonekana wazi ni wakati wa kuchagua masomo wakiingia kidato cha tatu, ambapo fizikia ilikuwa ya hiari na wasichana walikuwa wakiikimbia kwa makundi. Sasa wanabaki. Sababu zaweza kuwa nyingi. Mmoja aliniambia ya kwake: fizikia ni somo analoruhusiwa kubisha.

Wazazi nao wamebadilika kidogo. Mwaka huu baba mmoja, si yule fundi uashi, alifunga sola ndogo nyumbani kwake na akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka vizuri, akaongeza ya chumbani kwenye waya uleule, sasa zote mbili zimefifia; je, ameuziwa betri mbovu? Nilikuwa jikoni. Nilipofungua simu nilikuta binti wa kidato cha tatu ameshamjibu kupitia simu ya mama yake, baada ya kumwomba apige picha ya waya.

"Shikamoo baba. Betri haina shida. Umezipanga taa kwa mfuatano, zinagawana. Zipange sambamba, kila taa iwe na waya zake mbili za kwake mpaka kwenye betri, utaona."

Akamchorea kwenye karatasi ya daftari, akatuma picha. Baba akajibu kwa sauti kwamba anatafuta koleo. Mimi nilichoongeza ni kumuuliza kama amezima swichi kwanza.